KIGAWAHEWA CHA GARI: KUUNDA UBAO WA MBELE NA KUUFUNGA

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Walikuwa wakivitaja vyombo vya baharini, lakini funzo lao linayafaa vilevile magari ya mashindano. Mtu alitazamapo gari la namna hiyo kwa mbele, huona ubao bapa uliotokeza chini ya bampa, karibu sana na ardhi, mfano wa mdomo wa chini wa samaki. Wengi hudhani ni pambo. Katika nchi kama Uingereza, Marekani na Japani, ambako watu wengi hushindanisha magari ya kawaida katika viwanja vya mbio, baadhi ya wenye magari huuunda ubao huo wenyewe nyumbani kwa plaiwudi, msumeno na boliti chache.

Kazi ya kuuunda haimshindi fundi wa kawaida. Kuelewa kwa nini unafaa, na kwa nini huweza kuua, kunahitaji elimu ya kanieneo, densiti na momenti, ambayo mwanafunzi wa sekondari huipata darasani. Makala haya yanaueleza ubao huo, ambao utaitwa kigawahewa, kwa kuwa kazi yake ni kuugawa mkondo wa hewa unaolikabili gari: sehemu moja ipite juu na sehemu nyingine ipite chini.

HEWA NI MZIGO

Kwa kuwa hewa haionekani, ni rahisi kusahau kwamba ina tungamo. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, mita moja ya ujazo ya hewa ina tungamo lipatalo kilo 1.2. Katika mji wa Nairobi, ulio kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, na mita hiyo moja ya ujazo ina kilo 1.0 hivi.

Chukuliwe mfano wa gari dogo ambalo uso wake wa mbele una eneo la mita za mraba 2. Likienda kilometa 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde, hukutana na mita za ujazo zipatazo 55 za hewa katika kila sekunde. Tungamo la hewa hiyo ni kilo 66 hivi, sawa na mtu mzima mmoja. Hewa hiyo yote haina budi kusukumwa kando, nayo hulirudishia gari kani kwa kadiri ilivyosukumwa.

Hewa inayolikabili gari moja kwa moja na kusimamishwa na bampa huongeza kanieneo yake. Ongezeko hilo hupatikana kwa kanuni hii:

K = ½ × D × V × V

ambapo K ni kanieneo ya mwendo kwa paskali, D ni densiti ya hewa kwa kilo katika mita ya ujazo, na V ni kasi kwa mita katika sekunde. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kasi imezidishwa kwa kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, kanieneo huongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, kanieneo huongezeka mara tisa. Siri kubwa ya somo hili imo humo.

KWA NINI PUA YA GARI HUINUKA

Magari mengi ya kawaida yana umbo linalokaribia la bawa la ndege lililolazwa: juu yamepinda, chini yamenyooka. Hewa ipitayo juu ya boneti na paa huongeza kasi, na kanieneo yake hupungua. Hewa iingiayo chini ya pua hukutana na mabomba, ekseli na mashimo ya injini, ikazuiwa na kujikusanya. Kwa hiyo juu kuna kanieneo ndogo na chini kuna kanieneo kubwa zaidi, na gari huelekea kuinuliwa. Dereva hutambua hali hiyo pale usukani unapokuwa mwepesi mikononi mwake katika mwendo mkubwa. Matairi ya mbele hayaikandamizi barabara kama yanavyopaswa, msuguano hupungua, na uwezo wa kulipinda gari hupungua pamoja nao.

Ukubwa wa hatari hiyo ulidhihirika nchini Ufaransa mwaka 1999, katika mbio za saa 24 za Le Mans. Magari ya aina ya Mercedes-Benz CLR yaliruka hewani mara tatu: mara mbili likiendeshwa na Mark Webber kabla ya mbio zenyewe, na mara ya tatu likiendeshwa na Peter Dumbreck wakati wa mbio. Pua ilipoinuka kidogo katika mwendo mkubwa, hewa ilipenya chini, na gari zima likageuka kuwa bawa. Gari la Dumbreck lilipinduka hewani likaangukia kwenye miti kando ya njia. Madereva wote wawili walinusurika.

KIGAWAHEWA HUFANYA NINI

Kigawahewa hupambana na hali hiyo kwa njia mbili. Kwanza, hewa iliyosimamishwa mbele ya bampa hutaka kuteleza chini. Ubao uliotokeza huizuia. Hewa hiyo yenye kanieneo kubwa hubaki juu ya ubao na kuukandamiza chini, kama mkono unaoulemea ukingo wa meza.

Pili, hewa inayopita chini ya ubao huingia katika njia nyembamba baina ya ubao na ardhi. Kama vile maji ya mto yanavyokwenda mbio mahali ambapo kingo zimekaribiana, hewa nayo huongeza kasi inapobanwa. Daniel Bernoulli, katika kitabu alichokitoa mwaka 1738, alieleza uhusiano wa kasi na kanieneo katika majimaji: mahali ambapo mkondo una kasi zaidi, kanieneo yake hupungua. Hivyo, chini ya ubao hutokea mvuto. Juu pana msukumo, chini pana mvuto, na vyote viwili huelekea ardhini.

HESABU YA KANI

Chukuliwe kigawahewa chenye upana wa mita 1.6, kilichotokeza sentimeta 7.5 mbele ya bampa. Eneo la mdomo huo ni 1.6 × 0.075, yaani mita za mraba 0.12. Kwa ajili ya hesabu ya darasani, ichukuliwe kwamba kanieneo ya juu imeongezeka kwa K nzima, na ya chini imepungua kwa nusu ya K. Tofauti yake ni 1.5K, na kani ni 1.5K × 0.12, yaani 0.18K. Kwa densiti ya kilo 1.2, majibu ni haya:

Kilometa 50 kwa saa: K ni paskali 116, kani ni nyutoni 21.
Kilometa 100 kwa saa: K ni paskali 463, kani ni nyutoni 83.
Kilometa 150 kwa saa: K ni paskali 1,042, kani ni nyutoni 188.
Kilometa 200 kwa saa: K ni paskali 1,852, kani ni nyutoni 333.

Hesabu hii ni ya mdomo peke yake. Sehemu ya ubao iliyo nyuma ya bampa, chini ya injini, nayo huongeza mvuto, lakini kiasi chake hutegemea sana kimo cha ubao kutoka ardhini na jinsi hewa inavyopata njia ya kutokea nyuma.

Sasa yalinganishwe majibu hayo na uzito wa ubao wenyewe. Plaiwudi ya unene wa milimeta 12, yenye upana wa mita 1.6 na urefu wa nusu mita, ina tungamo la kilo 6 hivi. Uzito wake ni nyutoni zipatazo 60. Maana yake ni kwamba katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa, kani ya hewa katika mdomo wa ubao ni kiasi cha theluthi moja tu ya uzito wa ubao. Anayekifunga kigawahewa ili aendeshe mjini amejiongezea mzigo na kujitafutia kikwazo cha kugonga kila tuta. Kifaa hiki kinafaa katika kiwanja cha mbio, penye njia laini na mwendo mkubwa.

Ndiyo maana hakionekani katika magari yaliyotengenezwa kwa njia mbaya. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliwafundisha mafundi kuliinua gari juu na kulikinga tumbo lake kwa bamba la chuma. Katika njia za mawe na matope, ubao ulio karibu na ardhi ungevunjika mapema.

KUUCHAGUA UBAO

Plaiwudi ya milimeta 12, iliyounganishwa kwa gundi isiyoyeyuka katika maji, huwafaa wengi wanaoanza. Hupatikana kwa urahisi, hukatwa kwa msumeno wa kawaida, na ikivunjika hutengenezwa nyingine kwa kuufuata ubao wa zamani. Adui yake ni maji. Kwa hiyo kingo zote na matundu yote ya boliti yapakwe vanishi au rangi nzito mara mbili au tatu.

Bamba la alumini la milimeta 3 au 4 ni jembamba na halinyonyi maji, ila likigonga kitu hupinda na kubaki limepinda. Nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu ni nyepesi na imara kuliko vyote, lakini bei yake ni kubwa na ufundi wake ni mgumu. Ubora wa kifaa hautokani na bei: plaiwudi iliyofungwa vizuri ni salama kuliko kaboni iliyofungwa vibaya.

KUPIMA NA KUKATA

Gari lisimamishwe juu ya sakafu iliyosawazishwa, matairi yakiwa na upepo wa kawaida. Ikibidi kuingia chini yake, lisiachwe juu ya jeki peke yake. Liegemezwe juu ya vyuma imara vya kulishikilia.

Kipande kikubwa cha kadibodi hulazwa sakafuni chini ya bampa. Kwa kutumia timazi, fundi huteremsha uzi kutoka ukingo wa bampa na kutia alama ya penseli mahali ncha inapogusa. Hurudia hivyo kila baada ya sentimeta 5, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha huziunganisha alama zote. Mstari huo ndio sura ya bampa. Sentimeta 7.5 mbele yake huchorwa mstari wa pili, ambao ndio ukingo wa kigawahewa. Upande wa nyuma ubao huendelea chini ya pua hadi kufikia mahali penye chuma imara cha gari. Kadibodi hukatwa kwanza na kujaribiwa, na usukani huzungushwa hadi mwisho kulia na kushoto ili kuhakikisha kwamba matairi hayataugusa ubao. Kukosea kwenye kadibodi si hasara. Kukosea kwenye plaiwudi ni kununua nyingine.

Baada ya kukata, ukingo wa mbele huviringishwa kwa tupa na msasa, hasa upande wa chini. Ukingo wenye kona kali huifanya hewa iachane na ubao mara tu inapoingia chini, na mvuto hupungua. Ukingo mviringo huiongoza hewa ishikamane na ubao.

Baina ya ubao na bampa pasiwe na mwanya. Hewa yenye kanieneo kubwa ikipata tundu la kushuka, huvuja kama maji katika ndoo iliyotoboka, na faida yote hupotea. Mwanya huzibwa kwa kipande cha alumini kilichosimamishwa wima, na kiungo chake kwa utepe wa mpira. Hata hivyo, njia ya hewa ya rejeta isizibwe kamwe, wala njia ya kupooza breki.

KUUFUNGA UBAO

Hapa ndipo penye hatari. Bampa za magari mengi ya sasa ni ganda la plastiki lililoshikwa kwa skrubu ndogo na vibanio. Ganda hilo halikuundwa kuchukua kani ya mamia ya nyutoni inayovuta kuelekea chini. Kigawahewa kilichoning'inizwa kwenye ganda hilo kitaliangusha, na kikianguka huingia chini ya magurudumu ya mbele, gari likiwa katika kasi yake ya juu kabisa. Kwa hiyo kani haina budi kupelekwa kwenye fremu ya gari, si kwenye ganda.

Upande wa nyuma, ubao hufungwa kwenye fremu kwa vipande vya chuma cha pembe, walau vinne, kwa boliti za milimeta 8. Kila boliti iwekewe washa pana, ili kani isambae katika eneo kubwa na kichwa cha boliti kisipenye katika mbao. Nati ziwe za kujikaza zenyewe, zile zenye pete ya nailoni ndani, kwa maana mtikisiko wa gari hulegeza nati za kawaida.

Upande wa mbele, ubao hushikiliwa kwa fito mbili za chuma zinazopanda kutoka karibu na ukingo hadi kwenye chuma cha mbele kilicho nyuma ya ganda la bampa. Baadhi ya watu hutumia waya wa chuma uliosokotwa. Waya huweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma; ubao ukipigwa kutoka chini, hauuzuii kuinuka. Ufito hufanya kazi zote mbili.

Mwinamo wa fito nao una hesabu yake. Ufito uliosimama wima huchukua nusu ya mzigo. Ufito uliolala kwa pembe ya digrii 30 kutoka kwenye ubao huchukua nusu hiyo ikigawanywa kwa saini ya digrii 30, ambayo ni 0.5, kwa hiyo mzigo wake huwa maradufu. Fito na zisimame kadiri inavyowezekana.

Kazi ikiisha, jaribio la kwanza ni rahisi: mtu mzima wa kilo 70 asimame taratibu juu ya ukingo wa ubao, gari likiwa limetulia. Uzito wake ni nyutoni 686, zaidi ya maradufu ya kani iliyokadiriwa kwa kilometa 200 kwa saa. Ubao ukipinda sana, ukilia au ukilegea, haufai kuingia kiwanjani.

Kwamba jambo hili si la mzaha, historia inashuhudia. Tarehe 4 Mei 1969, katika mbio za Hispania zilizofanyika Montjuïc mjini Barcelona, magari mawili ya Lotus yaliyoendeshwa na Graham Hill na Jochen Rindt yalikuwa na mabawa makubwa ya nyuma yaliyoinuliwa juu ya nguzo nyembamba. Bawa la Hill lilivunjika katika mwendo mkubwa, akagonga kingo za njia. Baadaye la Rindt likavunjika vilevile, na gari lake likaligonga lile la Hill. Rindt alijeruhiwa usoni. Mwezi huohuo, huko Monaco, mabawa marefu ya namna hiyo yalipigwa marufuku. Mabawa hayo yalikuwa yakilikandamiza gari kama yalivyokusudiwa. Kilichoshindwa ni nguzo zilizoyashika.

MBELE NA NYUMA

Kigawahewa kiko mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo hufanya kazi kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya pembea. Ichukuliwe kwamba kani iko mita 0.8 mbele ya ekseli hiyo, na ekseli mbili za gari zimeachana kwa mita 2.4. Katika kilometa 200 kwa saa, momenti ni 333 × 0.8. Ikigawanywa kwa 2.4, jibu ni nyutoni 111. Hizo ndizo zinazopungua katika magurudumu ya nyuma, na ya mbele hupata 333 + 111, yaani nyutoni 444.

Gari ambalo mbele limeshika sana na nyuma limepungukiwa hugeuza mkia katika kona za mwendo mkubwa. Kwa sababu hiyo, fundi mwangalifu hukiongezea gari bawa dogo la nyuma, kisha hulijaribu kwa kuongeza mwendo hatua kwa hatua katika kiwanja kilichofungwa.

Kimo nacho kina mizani yake. Ubao ukiwa juu mno, mvuto hupungua. Ukiwa chini mno, pua inapoinama wakati wa kufunga breki, ubao hugusa ardhi, njia ya hewa huzibika ghafula, na kani hupotea wakati ambapo dereva anaihitaji zaidi. Wanaoanza huacha sentimeta 8 hadi 10. Tena ukingo huo uko kwenye kimo cha miguu ya watu. Barabarani waweza kumkata mtembea kwa miguu. Mwenye gari asithubutu kuuingiza katika njia ya umma kabla ya kuangalia sheria ya nchi yake.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: feni ya mezani, mizani ya maabara inayosoma gramu moja, boksi la kadibodi la upana wa sentimeta 20, kipande cha kadibodi ngumu, gundi ya utepe, na jiwe.

Boksi litiwe jiwe ndani ili lisisogee. Ncha yake ya mbele ikae juu ya mizani, na ya nyuma juu ya tofali la kimo kilekile. Mizani ikingwe kwa kadibodi ili upepo usiipige moja kwa moja. Isomwe mizani feni ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Baada ya hapo, chini ya uso wa mbele wa boksi ubandikwe mdomo wa kadibodi uliotokeza sentimeta 4, na vipimo virudiwe. Ongezeko la gramu chache baada ya kubandika mdomo ni kazi ya kigawahewa. Mwishoni uachwe mwanya baina ya mdomo na boksi, na wanafunzi watazame tofauti.

MASWALI

1. Tafuta kani ya mdomo uliotajwa hapo juu katika kilometa 100 kwa saa mjini Nairobi. Kwa nini ni pungufu kuliko ya pwani?
2. Ni katika kasi gani, kwenye usawa wa bahari, kani ya mdomo hulingana na uzito wa ubao wa nyutoni 60?
3. Fito mbili zimeinama kwa digrii 60 kutoka kwenye ubao, na kani ya kuvuta chini ni nyutoni 333. Kila ufito unachukua nyutoni ngapi?
4. Gari limefungwa kigawahewa bila bawa la nyuma. Eleza kwa kutumia momenti kwa nini dereva huweza kuliona salama katika kilometa 80 kwa saa na la hatari katika kilometa 160.